Kamba ya Glavu

Tartu, Februari. Mto umeganda hadi chini ya daraja,
nami ninahesabu.

Ndiyo kazi yangu: mayai ya panya,
moja baada ya jingine chini ya hadubini,
kromosomu zimetiwa rangi ya kijani,
na pale zinaposhikana, nukta nyekundu.
Panya kijana: dada na dada wameshonana,
huoni hata pa kupitisha pumzi.
Panya mzee: kuna ufa, mwanga unapita katikati.
Ninaupima. Ninauandika daftarini.
Kaarel, meza ya pili, anatafuna tufaha
na kuniuliza kama nimelala.

Kinachowashika ni pete.
Si dhahabu, ni protini, jina lake kohesini,
nayo hufungwa siku ileile DNA inaponakiliwa,
kabla dada hawajajua kuwa ni wawili.
Wahenga walisema chanda na pete.
Huku chanda hakuna. Kuna nyuzi mbili ndefu
ndani ya duara moja, na duara haliulizi
ipi ni asili, ipi ni nakala.

Na mmoja akikatika,
kwa mionzi, kwa sumu, kwa ajali tu ya kuishi,
pete humweka mwenzake karibu,
yule mzima amsomee yule aliyevunjika
neno lililopotea, herufi kwa herufi,
mpaka sentensi isimame tena.
Usiku kucha tunaponywa hivi,
na asubuhi tunalalamikia mgongo.

Kisha saa hufika. Mkasi hupita, pete hukatika,
nao huvutwa, huyu kaskazini, huyu kusini,
kwa ghafla ambayo huwafanya wanafunzi washangilie.
Miaka kumi na tisa, na mimi bado hushangilia.

Mama, nilipokuwa na miaka minne
uliunganisha glavu zangu kwa kamba ya sufu,
ikapita mkono wa koti, ikapanda mgongoni,
ikashuka mkono wa pili.
Niliichukia. Ilinikuna shingo,
na watoto wa ghorofa ya tatu waliniita mbuzi.
Glavu haikupotea hata moja.

Hukujua kwamba kamba nyingine
ulikuwa umeshaifunga zamani:
majira yale ya baridi uliponibeba tumboni,
umesimama foleni ya maziwa, miguu imevimba,
mayai yangu yote, mimi nikiwa mdogo kama kiazi,
yalikuwa yanavishwa pete zake.
Mara moja tu. Hakuna sonara anayerudi.
Miaka arobaini na tatu yamengoja zamu yao,
yameshikwa kwa pete zilezile,
na pete, moja moja, zimekuwa zikidondoka gizani
bila hata mlio.

Daktari Ruubel alinichorea duara kwenye karatasi.
Mara ya kwanza ilikuwa kromosomu ya kumi na sita,
mara ya pili ishirini na mbili.
Alizitaja kama mtu anayesoma namba za basi.
Nilitaka kumwambia: ufa huo naujua,
nina daftari saba za ufa huo.
Nikamshukuru. Nikavaa koti.

Leo Jumapili nimekuja kwako.
Vidole vyako vinatetemeka, unafuma, unafumua,
unalaumu miwani.
Mezani, kando ya mkate wa rai,
kuna glavu mbili, kila moja ndogo kama yai la kuku,
nyekundu, zenye nyota nyeupe.
Sijakuambia kitu. Nawe hukuniuliza kitu.
Umeziunganisha kwa kamba.

Nimeitundika shingoni.
Inakuna, kama ile.
Kesho kuna panya ishirini wa kuhesabu,
na Kaarel ataniuliza hizo ni za nani,
nami nitamwambia asogee, anazuia mwanga.